Ukuta Nilioung'oa kwa Ajili ya Ntheo

Mzee Kioko tulimzika Kithimani siku ya Ijumaa, na kabla chakula hakijafika upande wetu nilikuwa nimeshasikia habari za nyumba yake mara tatu. Wanaume wawili waliokaa nyuma yangu walikuwa wakimweleza mgeni kutoka Nairobi kwa nini marehemu alitembea kwa mkongojo. Walisema palikuwa na fundi mmoja aliyemjengea nyumba ya chaki. "Hii chaki ya mwalimu," mmoja akasema, "ile ya kuandikia. Akaambia mzee hii ndiyo ukuta." Wakacheka chinichini, kicheko cha matangani, mkono ukiwa mdomoni. Mgeni akauliza kama huyo fundi alishtakiwa. Akajibiwa kwamba hakukuwa na haja. Alisimama mwenyewe mbele ya watu akasema kosa ni lake, akajenga upya, akapotea. Sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, ilifika, nikaipokea, nikaitazama tu. Kosa halikuwa lake. Mpaka wiki hiyo watu waliojua hivyo tulikuwa wawili, au tuseme mmoja na nusu, kwa sababu Mzee Kioko alijua nilichofanya, na kwamba fundi alifichwa, lakini hakujua maana yake. Sasa nusu hiyo ilikuwa imefukiwa mita hamsini kutoka nilipokaa.

Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo nimefanya kazi nyingi kiasi kwamba nikiulizwa kazi yangu ni nini, huwa nauliza mwaka gani. Nimechota mchanga, nimeuza tikiti maji, nimepikia kambi ya wajenga barabara, nimechunga ngamia wa mtu ambaye sikuwahi kumwona. Kila mahali niliondoka mara tu nilipoelewa kazi inavyokwenda. Watu waliniita mvivu, na hawakukosea sana, ingawa hasa nilikuwa na njaa ya kujua, na njaa hiyo ikishiba mahali ilinisukuma kwingine. Nasema haya kwa sababu nimejaribu miaka kumi na sita kuieleza Septemba ile bila kuitaja njaa hiyo, na haielezeki.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipomkuta Fundi Nzioka. Alikuwa mfupi, mkimya, mwenye penseli sikioni hata kanisani. Alikuwa amefanya kazi miaka miwili huko kaskazini, ambako wageni walijenga zahanati za mbao kwa haraka, na huko aliona kitu ambacho hakikumtoka kichwani. Sote tulijua bodi ya jipsamu, ile ya unga mweupe kama chaki, ni pambo. Unaibandika ndani ya nyumba ili ukuta uwe laini, upake rangi, wageni wasifu. Wale wageni waliitumia kuizuia nyumba isipinde. Fundi alitaka kujenga hivyo hapa kwetu, kwenye tambarare la Yatta, ambako upepo hauna kitu cha kuuzuia, na mbao ni haba. Watu walimcheka mpaka alipoanza kuwaonyesha.

Maonyesho yenyewe aliyafanya uani kwa Mzee Kioko, siku ya kwanza nilipofika kuomba kazi. Alitengeneza fremu ya mbao kama mlango mkubwa, akaigongomea chini, akamwambia Mzee asukume kona ya juu. Mzee alisukuma kwa mkono mmoja na fremu ikalala upande, kama boksi la kiberiti lililobanwa na kidole. Kisha Fundi akainyoosha, akaweka bodi moja ya jipsamu juu yake, akaifunga kwa skrubu kuzunguka kingo zote, kila skrubu vidole saba au nane kutoka nyingine. Mzee akasukuma. Akasukuma kwa mabega. Akaniita mimi nisiyemjua, na jirani wawili, tukasukuma sote wanne na miguu yetu ikateleza kwenye vumbi, na fremu haikusogea. Mzee akapiga ngumi katikati ya bodi na ngumi ikatoboa mpaka upande wa pili. Tukacheka sana. "Sasa nimeelewa nini?" Mzee akauliza. Fundi akasema, "Ukiipiga usoni ni dhaifu. Lakini huwezi kuigeuza umbo. Na kila skrubu inashika kidogo tu, kwa hivyo lazima zikuwe nyingi." Nilirudi kwenye ile fremu mara tano siku hiyo, nikiisukuma peke yangu. Jioni Fundi akanipa drili bila kuniuliza jina.

Tulijenga kuanzia mwezi wa tano. Mzee Kioko alikuwa amestaafu udereva wa basi la shule, na mkewe alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka ule katika nyumba ya zamani ya matofali. Hakutaka kulala humo tena. Alilala ghalani. Fundi na mimi tulilala ndani ya nyumba mpya ikiwa bado ni mbao za kusimama tu na paa juu. Ungeweza kuona kutoka chumba kimoja hadi kingine hadi shambani hadi mfereji, lakini Fundi hakuruhusu mtu apite katikati ya mbao. Uliingia kwa mlango na kutoka kwa mlango, hata kama mlango wenyewe ni alama ya chaki sakafuni. Nilimuuliza kwa nini. Alisema mtu akizoea kupita ukutani akiwa fundi, ataacha lini? Mwende, binti wa Mzee, alituletea chakula saa saba: isyo, mahindi ya kuchemshwa na maharage mengi, au muthokoi na ndengu, na tikiti lililopasuliwa kwa panga. Alikuwa na mzaha mkali. Aliniita Waziri, kwa sababu, alisema, ninauliza maswali kila siku na sijengi chochote.

Nyumba ilikuwa na kuta tatu zilizobeba kazi ya kupambana na upepo. Mbili zilikuwa za nje, na moja ya katikati, kati ya sebule na chumba kidogo cha nyuma. Kwa nje tulipigilia mbao nyembamba zilizolazwa moja juu ya nyingine, msumari mmoja mmoja, ambazo kwa upepo hazikuwa na msaada wowote. Kwa hiyo hizo kuta tatu ndizo zilizokuwa nyumba. Fundi alizifunga mwenyewe pamoja nami, bodi nzima kutoka mbao ya chini hadi mbao ya juu, bila kukata. Ule wa katikati ulikuwa na bodi sita, tatu kila upande, na skrubu zaidi ya mia tatu. Najua kwa sababu baadaye nilizihesabu zikiwa ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia.

Mwezi wa tisa Fundi aliitwa Kithyoko. Mama mmoja mjane aliyeitwa Kalondu alikuwa amesikia habari zetu na alitaka nyumba kama hiyo. Fundi alikuwa na nyumba sita kwa jumla za namna hiyo mwaka ule, zilizokwisha na zilizoanza, na alitembea kama mtu aliyekula vizuri. Aliniachia kazi ya rangi. Kabla hajaondoka alinizungusha vyumba vyote, akafika kwenye ukuta wa katikati na kuweka kiganja juu yake.

"Hata Mzee akitaka kutundika picha," alisema, "msumari mmoja, mdogo. Hii ukuta usiguse."

Nikasema ndiyo, Fundi.

Ntheo ya Mwende ilikuwa imepangwa Jumamosi ya pili baada ya hapo. Kwa asiyejua, ntheo ndiyo siku upande wa kijana unaleta mbuzi watatu kwa wazazi wa binti, wanaliwa pamoja, na kuanzia hapo binti ana pande mbili za kumwita mtoto. Bila ntheo, hata muishi pamoja miaka arobaini, wazee watasema mnatembeleana. Wageni wangekuwa thelathini na zaidi, wakitoka upande wa Kitui. Nilikuwa juu ya ngazi chumba kidogo, nikipaka dari, nilipomsikia Mzee akibishana na binti yake sebuleni. Mwende alikuwa anasema tukodi tenti, Baba, kila mtu anakodi tenti. Mzee akasema tenti ni ya mazishi. Akasema tenti ya mwisho kusimama katika boma hilo ilikuwa ya mama yake Mwende, na hataki athoni wake, wakwe hawa wapya, waje wakae mahali pale pale, chini ya turubai lile lile jeupe, wakila nyama. Nilimsikia Mwende akitoka. Kisha Mzee akaja mlangoni akanitazama huko juu.

"Kyalo," akasema. "Hii ukuta si ni ya kufungwa na skrubu?"

Nikasema ndiyo.

"Kitu ya kufungwa na skrubu si inafunguliwa?"

Nimeisikia sauti hiyo maisha yangu yote tangu siku ile. Alikuwa mtu aliyefiwa na mke, akitaka chumba kimoja ambamo wageni wote wangemwona binti yake akisimama. Alisema kwao wageni wa ntheo hawagawanywi; anayekaa chumba cha pili ataenda kusema alikula na watoto. Alisema ni siku moja, Jumapili naurudisha, ni kama kuvua shati na kulivaa. Ningeweza kumwambia vile Fundi alivyosema. Nilimwambia nusu yake: kwamba Fundi hangependa. Akasema basi Fundi asijue, naye hatasema, na Mzee Kioko akisema hatasema, hasemi.

Kwa miaka mingi nilijisimulia kwamba nilikubali kwa huruma. Huruma ilikuwepo. Lakini Ijumaa ile, baada ya kung'oa bodi zote sita na zile mbao za kusimama za katikati, nilipobaki peke yangu katika ukumbi ule mpana, sikwenda kupumzika. Nilitoka nje, nikaenda kwenye kona ya nyumba, nikaweka mikono yote miwili juu kabisa nilikofika, nikasukuma. Nyumba ilisogea. Kidogo sana, upana wa ukucha, kisha ikarudi. Nikasukuma tena ili nihakikishe. Nilifurahi. Nilifurahi kama siku ile ya kwanza uani, kwa sababu sasa nilikuwa nimeona kwa mikono yangu kwamba Fundi alikuwa sahihi, kwamba bodi ile ya kupasuliwa na ngumi ndiyo iliyokuwa imeshikilia nyumba nzima. Hiyo ndiyo sehemu ninayoshindwa kuisamehe. Ningekuwa mjinga, ningekuwa na kisingizio. Mimi nilikuwa mtu wa pili katika tarafa ile kujua.

Ntheo ilifana. Watu walikaa kuzunguka kuta nne, wazee upande mmoja, akina mama upande wa pili, Mwende katikati katika gauni la rangi ya machungwa, na Mzee Kioko alisimama akawakaribisha athoni kwa sauti ya mtu aliyekuwa akifikiri hatakaribisha tena mtu yeyote. Mbuzi walipokatwakatwa palikosekana meza. Shangazi zake Mwende waliona bodi zangu sita zimeegemezwa chini ya paa la nyuma, safi, nyeupe, ndefu. Waliziweka juu ya vipande vya mbao, wakazitandika leso, wakapanga masufuria. Nilipotoka nikaona sufuria ya supu, yenye moto, imekaa juu ya bodi ya tatu, na mama mmoja akisuuza vikombe juu ya ya nne. Nilifungua mdomo. Mmoja wao akaniambia, "Waziri, leta chumvi," na wote wakacheka, maana Mwende alikuwa ameshawaambia jina. Nikaleta chumvi.

Jumapili mchana, baada ya kanisa, nilirudisha mbao za kusimama, kisha zile bodi. Bodi mbili zilikuwa zimelowa kwenye kingo, karatasi imeachana na unga, na ukibonyeza kwa kidole gumba zinabonyea kama mandazi ya juzi. Moja ilikuwa na duara la mafuta ukubwa wa sufuria. Skrubu nyingi nilizizungusha katika matundu yale yale ya zamani, zikazunguka bila kushika. Nilipojaribu kutoboa matundu mapya karibu na ukingo, ukingo ulimeguka. Kulikuwa na njia ya kufanya. Ningekwenda Matuu Jumatatu nikanunua bodi mpya. Mzee angezilipia bila neno. Lakini Fundi angerudi Jumanne asubuhi, angekuta ukuta mbichi, angeuliza. Kwa hiyo nilifunga skrubu pale zilipokubali kushika, sitini hivi kwa ukuta mzima, na zilizobaki nikaziacha kwenye mkebe. Halafu nikachukua fila, ile poda ya kuzibia matundu, nikaanza kuziba. Nilikuwa na mkono mzuri wa fila. Nilipaka, nikasugua, nikapaka tena, nikapiga rangi mara mbili na siku iliyofuata mara ya tatu, na ukuta ukawa laini kuliko ulivyowahi kuwa.

Fundi alifika, akapita chumba kwa chumba. Kwenye ukuta wa katikati alisimama, akaupitishia migongo ya vidole vyake kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, taratibu, kama mtu anayepapasa ng'ombe anayetaka kumnunua. Mzee Kioko alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Akapuliza chai yake.

"Kyalo," Fundi akasema, "hii ni kazi. Wewe sasa ni fundi."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia hivyo kabla yake, wala baada yake.

Upepo ulikuja mwezi uliofuata, mvua ikiwa imekaribia. Ilikuwa saa tisa mchana na mimi nilikuwa sokoni Kithimani nikinywa chai kwenye hoteli moja. Kwanza mabati ya vibanda yalianza kupiga kelele, kisha mbingu ya upande wa mashariki ikawa nyekundu kwa vumbi. Mtu mwingine angefunga mlango. Mimi nilianza kukimbia kuelekea kwa Mzee, na sijui kama hilo linanihesabia vizuri au vibaya. Nilipofika nyumba ilikuwa bado imesimama, lakini ilikuwa imelala upande, fremu nzima, kama ile ya uani. Vioo vilikuwa vimepasuka. Mzee alikuwa chumba kidogo cha nyuma, akiita kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba maji. Kabati lilikuwa limemwangukia nyonga. Mlango wa chumba ulikuwa umebanwa na fremu iliyopinda na haukufunguka hata tulipoupiga bega mimi na jirani wawili.

Njia ya haraka ilikuwa kuvunja ukuta wa katikati. Nilichukua nyundo nikauvunja. Niliupiga kuanzia sakafuni hadi juu, bodi zote sita, vipande vikaanguka, tukavikanyaga, mvua ikaingia, tukamtoa Mzee tukiwa tumembeba juu ya mlango wa ghala. Kila mtu alisema nilifanya kazi ya mwanaume. Mzee alihitaji tundu la kupita mtu mmoja. Mimi nilivunja ukuta wote. Nimejiuliza mara nyingi mkono ule ulikuwa unafanya nini, kama ulikuwa unamtafuta Mzee au ulikuwa unazivunja zile sehemu zenye matundu mawili mawili, la zamani na jipya, ambazo fundi yeyote angezisoma kama barua. Nadhani ulikuwa unafanya yote mawili, na ulikuwa unajua.

Wiki moja baadaye, Mzee akiwa hospitali Machakos, ndugu zake walikaa uani pamoja na naibu wa chifu. Fundi alikuja kutoka Kithyoko. Alikuwa ameshinda asubuhi nzima ndani ya ile nyumba, akipekua uji wa jipsamu uliokuwa umelala sakafuni, na alitoka magoti yakiwa meupe. Ndugu mmoja wa Mzee alisema maneno mazito, akauliza ni akili gani inajengea mtu mzima nyumba ya chaki. Fundi alinigeukia mimi.

"Wewe ndiye uliingia wa kwanza," akasema. "Ile ukuta ya katikati ilikuwa imeshika ama ilikuwa imeachia?"

Wote walinitazama. Nikasema, "Ilikuwa imeachia, Fundi."

Ulikuwa ukweli. Nilijificha ndani yake kama mtu anavyojificha ndani ya koti la mwenzake. Fundi aliwageukia wale wazee, akasema basi kosa ni lake. Alisema alifikiri bodi inaweza, na haiwezi. Akaahidi kuijenga tena kwa mbao za mshazari, kama watu wanavyojenga, na akafanya hivyo, na mimi nilimshikia mbao wiki tatu nzima. Siku tuliyomaliza nilimwambia nimepata kazi Kitale. Sikuwa nimepata. Nilikwenda tu.

Kwa hiyo nilikuwa nimekaa matangani na sahani yangu, miaka kumi na sita baadaye, wakati Mwende alipokuja kukaa kando yangu. Amenenepa, ana watoto wanne, na bado ananiita Waziri. Alinishukuru kwa kuja. Alisema baba yake aliacha neno nisikose kualikwa, kwamba hakuna aliyemtendea jambo kubwa kama mimi, nilivyomfungulia nyumba siku ya ntheo yake. Alilisema hilo kwa upendo, akanishika mkono. Nikamuuliza kama kuna aliyewahi kumwambia Fundi Nzioka habari hiyo. Akashangaa. Amwambie ya nini? Alisema Fundi yuko kwao Ndithini, analima ndengu, hashiki mbao tena. Alimpigia simu kumwalika, naye Fundi akasema hawezi kuwaangalia watu wa boma lile machoni.

Jumamosi asubuhi nilikuwa Ndithini. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda nje ya jikoni, mkewe, Mama Nduku, akipepeta ndengu kwenye uteo. Penseli haikuwepo. Mama alinipa uji kabla hajauliza nimetoka wapi, na nikamwambia Fundi kila kitu nikiwa nimeshika kile kikombe, kuanzia tenti hadi nyundo. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa kusamehewa, na hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa zaidi. Yeye aliniuliza kama fundi.

"Ulirudisha na skrubu ngapi?"

"Sitini hivi."

"Kwa bodi zote?"

"Zote."

"Na zililowa na nini?"

"Supu, Fundi. Na maji ya vikombe."

Alirudia neno hilo, supu, polepole. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa kama wa mtu aliyekuwa akifanya hesabu moja kwa muda mrefu, na ghafla ameonyeshwa tarakimu aliyoiandika vibaya mtu mwingine. "Kwa hivyo ilikuwa inaweza," akasema. Mama Nduku aliacha kupepeta.

Nilikuwa nimedhani nimemvunjia jina. Niliishi miaka yote hiyo nikijua nimemvunjia jina, na nikaizoea hatia yenye ukubwa huo. Mama ndiye aliyeniambia mengine, akinitazama moja kwa moja. Nyumba zilikuwa sita. Ya Mzee ilipolala zilibaki tano, na ndani ya zile tano kulikuwa na watu. Upepo ukivuma popote, mume wake alisimama uani akiangalia upande wa Masinga, kwenye nyumba hizo, kisha akaanza kupiga simu nyumba moja baada ya nyingine akiuliza kama wako salama. Walidhani ni ukarimu. Wawili aliwashawishi wapasue kuta zao waweke mishazari, na alienda kuwafanyia mwenyewe. Na Mama Kalondu wa Kithyoko, yule mjane, hakuwa na mbao wala mtu mzima wa kumsaidia, kwa hiyo Fundi alikwenda akamwambia ahame. Mama Kalondu akamtii. Alihamia jikoni, nyumba ya mabati ya hatua nne kwa tano, akafia humo miaka sita baadaye. Mwanawe yuko humo mpaka leo na mke na watoto watatu, wanalala kando ya jiko, na ile nyumba imefungwa kufuli, imesimama.

"Haijawahi kupinda?" nikauliza, na mara nikaona aibu kwamba bado nilitaka kujua.

"Haijapinda," Fundi akasema.

Alitoa simu mfukoni, ndogo, ya vibonye, akatafuta jina la mwenye nyumba wa kwanza, akapiga, akanipa. Hakunieleza niseme nini. Nilisema. Mwanaume wa upande wa pili akauliza kama Fundi yuko karibu, nikamwambia yuko. Kisha wa pili. Wa tatu alinitukana kwa Kikamba, vizuri, kwa muda mrefu, na Fundi alisikiliza bila kuingilia. Wa nne alisema atawaambia watoto. Baada ya hapo nilimrudishia simu, nikamwambia amebaki mmoja, tumpigie huyo kijana wa Kithyoko.

"Huyo hapigiwi simu," Fundi akasema. "Utaenda mwenyewe, useme mlangoni kwake, mbele ya bibi yake na watoto. Halafu ufungue bodi moja upande wa mashariki, uangalie kama skrubu hazijaliwa na kutu. Kama ziko sawa, ufunge vile nilikufunza, uwaambie waingie."

Nilimuuliza kama tungeenda pamoja. Aliinuka, akachukua uteo mikononi mwa mkewe, akaanza kupepeta mwenyewe.

"Mimi nilienda kuwatoa," akasema. "Kuwarudisha utaenda wewe."